Macho ya Eksirei Kwenye Chumba cha Mtihani

Kwenye lango la nyuma la kiwanda cha nguo kulikuwa na meza moja ndefu ya bati, na kila mshonaji aliyemaliza zamu alilazimika kupita mbele yake. Nyuma ya meza alisimama mwanamke mfupi, mnene kiasi, shati lake la ulinzi limepigwa pasi mpaka mikunjo imesimama. Wanawake wa kiwandani walimwita Eksirei. Walianza kumwita hivyo kisogoni, jina likamfikia, naye akalipokea bila kununa. Kampuni ya ulinzi haikuwa imempa cheo chochote, kwa hiyo akakichukua kile alichopewa na washonaji.

Kazi yake ilikuwa kupekua mifuko: zipu, vifungo, vipande vya kitambaa, chochote cha kiwanda kilichotaka kwenda nyumbani na mtu. Walinzi wenzake walitazama nyuso za watu. Yeye aliona huo ni upotezaji wa muda. Uso, alisema, huanza kujifunza uongo mtu akiwa bado ananyonya, lakini mikono haijawahi kufundishwa. Mwenye kuficha kitu, kidole gumba hurudi ndani chenyewe, kiwiko hubana ubavu, na mwenyewe hana habari.

"Leo nimebeba chupa ya chai tu, Eksirei," mshonaji mmoja alipenda kumtania. "Mpaka chai unaitilia shaka?"

"Chai haina neno. Fungua mfuniko."

Kicheko kilipita kwenye mstari mzima, na mfuniko ukafunguliwa. Pamoja na ukali wote huo, alikuwa na utaratibu wake mmoja ambao hakufundishwa na msimamizi yeyote: hakumtaja mtu kabla hajaufungua mfuko kwa mikono yake mwenyewe. Mara kadhaa watu walimnong'oneza kwamba fulani ana mkono mrefu. Aliwasikiliza, akawashukuru, akasubiri mfuko ufike mezani.

Kutoamini kwake kulikuwa na historia. Alikuwa kidato cha tatu, mwandiko wake ukisifiwa na walimu, shangazi yake alipokuja kumchukua ili akae kwake, karibu na shule iliyo bora zaidi. Shangazi alikuwa na watoto wadogo wawili na ulimi laini. Muhula wa kwanza alisema nafasi zimejaa. Muhula uliofuata alisema sare ziko kwa fundi. Baada ya hapo ikawa ni mwakani, na mwakani tena. Siku msichana alipogundua kwamba shangazi hajawahi hata kukanyaga ofisi ya shule ile, vidole vyake vilikuwa vimeshaota sugu za kufua na wenzake walikuwa wameshafanya mtihani wa mwisho. Tangu hapo, mtu akimwahidi kitu, aliuliza kwanza ni nani mwingine anayejua habari hiyo.

Alikuwa amepita umri wa miaka arobaini pale kampuni mpya ya ulinzi ilipochukua kazi ya kiwanda. Ofisa utumishi wa kampuni hiyo, kijana mwenye tai nyembamba, aliwakusanya walinzi kwenye ghala la maboksi na kuwaambia kwamba mkataba utakapoisha, kila anayetaka kuendelea awe na cheti cha sekondari.

"Na sisi wenye uzoefu?" aliuliza mlinzi wa lango la mbele.

"Uzoefu tunauheshimu sana, mzee wangu. Tatizo lake hauna muhuri."

Watu walicheka kwa adabu. Eksirei hakucheka. Alimtazama kijana yule mikononi na kuona anazungusha kalamu, anazungusha, hatulii. Huyu, aliwaza, ametumwa kututoa kwa mlango wa nyuma huku akituonyesha wa mbele.

Nyumbani alilitoa jambo hilo wakati wa chakula. Mumewe, fundi wa majokofu, aliendelea kutafuna huku akifikiri. Mama mkwe, ambaye aliishi nao na masikio yake yalikuwa yakisikia hata yasiyosemwa, hakuhitaji kufikiri.

"Mtu mzima na begi la shule! Na ukichelewa watakupiga viboko?"

"Wakinipiga nitakuita wewe, mama, uje na wazazi wenzako."

"Mimi siendi. Nitasema simjui." Kisha kikongwe akauliza, "Hesabu unazikumbuka?"

"Sizikumbuki."

"Basi hapo ndipo kazi ilipo."

Kituo cha masomo ya jioni kilikuwa vyumba viwili juu ya duka la rangi, na harufu ya tapentaini ilipanda ngazi pamoja na wanafunzi. Eksirei hakujiandikisha siku ya kwanza. Siku ya kwanza aliingia dukani kana kwamba anatafuta brashi, akamuuliza mwenye duka kama wanaopanda ngazi zile huwa wanashuka wanacheka au wananung'unika. Siku ya pili alipanda, akaomba kuonyeshwa usajili wa kituo, akanakili namba, akaenda nayo ofisi ya elimu kuuliza kama ni ya kweli. Ilikuwa ya kweli, jambo lililomshangaza kidogo.

"Mama," mwalimu wa hesabu alimwambia aliporudi, "hata wakaguzi hawakuniuliza maswali yote hayo."

"Ndiyo maana nauliza mimi."

Mwalimu huyo alikuwa mwanamke aliyestaafu, mwenye sauti kubwa, aliyefundisha kana kwamba ubao ni kiziwi. Alimkalisha mwanafunzi wake mpya kwenye dawati moja na kinyozi mwenye kibanda karibu na kituo cha mabasi, kijana mchangamfu ambaye hakuweza kunyamaza hata pale alipokuwa hana la kusema. Aljebra ilimwingia kinyozi haraka. Jiografia na historia hazikumkubali kabisa, na hapo ndipo Eksirei alipokuwa hodari, kwa sababu alisoma kila mstari akiutafutia uongo, na anayesoma hivyo hasahau. Wakaanza kusaidiana.

"Dada, kwani wewe huamini hata kitabu?" kinyozi alimuuliza jioni moja.

"Kitabu naamini. Aliyekiandika simjui."

Hesabu zilimtesa Eksirei kwa namna yake. Kwa miaka mingi alikuwa ameandika taarifa za lindo, na taarifa hizo zilitaka saa za kizungu zenye tarakimu nne. Saa mbili asubuhi ya nyumbani, ikifika langoni, ilikuwa 0800. Saa nane mchana ilikuwa 1400. Alikuwa ameshazoea kiasi kwamba akiangalia saa yoyote iliyoandikwa, kichwa kiliongeza sita kabla hajakiruhusu. Mwalimu alimgombeza mara kadhaa.

"Hapa si langoni! Saa imeandikwa saa tatu, iache iwe saa tatu!"

"Nimeiacha, mwalimu."

"Umeiandika tisa!"

Wiki ya mtihani ilipokaribia, mtu fulani alianza kupita kwenye vituo vya jioni akinong'ona kwamba maswali anayo. Alimfuata Eksirei mpaka chini ya ngazi. Alijibiwa kwa swali: kama majibu yote unayo mfukoni, mbona cheti chenyewe huna? Mtu yule aliondoka kumtafuta mwingine. Haukuwa uadilifu, na Eksirei asingedai kwamba ulikuwa uadilifu. Hakumwamini tu muuzaji. Lakini alimwona akisimama na kinyozi ng'ambo ya barabara, wakazungumza, wakapeana mikono, na jinsi walivyopeana mikono hakuipenda.

Hakumuuliza. Mfuko haukuwa mezani.

Mtihani ulifanyika kwenye ukumbi wa shule moja ya sekondari, madawati yametenganishwa, kila moja na namba yake kwa chaki. Kinyozi alipangiwa meza ya mbele yake upande wa kulia. Masomo ya siku mbili za kwanza yalipita salama. Siku ya hesabu, kinyozi alifika amevaa shati la mikono mirefu, limefungwa vifungo mpaka kwenye kifundo cha mkono. Darasani hakuwahi kuonekana na mikono mirefu hata siku ya mvua.

Eksirei alifungua karatasi, akasoma maswali yote, akaanza na yale aliyoyajua. Kalamu ilikwenda vizuri. Kisha pembeni ya jicho lake kitu kikasogea. Kinyozi alikuwa ameingiza vidole viwili ndani ya mkono wa shati, akauinua kidogo, akatazama ndani, akaushusha. Akaandika. Baada ya muda, vidole viwili tena.

Alijaribu kurudi kwenye karatasi yake. Macho yalitii, yakakaa mistari miwili, yakatoroka. Kwa miaka yote aliyokuwa langoni, kazi ya macho hayo ilikuwa kufuata mkono unaoingia mahali ambapo hauna sababu ya kuingia. Sasa aliyaambia yaache, nayo hayakujua kuacha.

"Mama, macho kwenye karatasi yako," alisema msimamizi wa mtihani, kijana mwenye viatu visivyotoa sauti.

"Samahani."

Vidole viwili vikaingia tena. Macho yakaenda.

"Mama. Nimeshakuonya."

Mara ya tatu msimamizi hakuonya tena. Alikuja, akachukua karatasi zake, akampeleka kwenye meza ya peke yake karibu na dirisha, na ukumbi mzima ukageuka kutazama. Kisha akakaa kwenye kiti chake na kuanza kuandika. Eksirei alilijua andiko la namna hiyo. Alikuwa ameyaandika mengi mno juu ya watu wengine hata asishindwe kulitambua moja linaloandikwa juu yake.

Matokeo yalipotoka, kinyozi alikuwa amefaulu. Mbele ya namba ya Eksirei kulikuwa na neno moja: yamezuiwa. Chini yake, maelezo kwamba mtahiniwa anatuhumiwa kuibia katika chumba cha mtihani na aje kujieleza mbele ya jopo.

Kuibia. Kila mwanafunzi hulitumia neno hilo bila kufikiri, kama jina la mchezo wa watoto. Kwa mtu aliyelipwa maisha yake yote kusimama kati ya wezi na lango, lilikuwa na uzito mwingine. Kiwandani lilifika kabla ya siku kuisha.

"Eksirei, na wewe fungua mfuko tuone!" walipiga kelele kwenye mstari, wakicheka. Alicheka nao, maana asingecheka ingekuwa mbaya zaidi. Ofisa utumishi alimwita, akazungusha kalamu yake, akasema kwa upole kwamba mlinzi aliyethibitika kuibia, hata karatasi, kampuni haitaweza kumweka kwenye lango lolote. Mkataba ulikuwa unakaribia ukingoni.

Lakini lililomchoma zaidi lilisemwa jikoni kwake. Mumewe alikuwa amesimama mlangoni na bisibisi mkononi.

"Mama watoto, niambie mimi. Hukuangalia kabisa?"

"Niliangalia."

"Karatasi ya mtu?"

"Mikono."

Alimtazama, na Eksirei akaona jambo ambalo hakuwahi kuliona katika ndoa yao: mumewe alikuwa akitazama vidole vyake vilivyoshika sufuria.

"Acha kunipekua," alisema.

"Sijakupekua."

"Mimi ndiye naijua hiyo kazi, baba watoto. Umenipekua."

Mama mkwe aliyekuwa amekaa kwenye kigoda chake alimgeukia mwanawe. "Huyu kuibia? Huyu ambaye akiokota kifungo changu uani ananiuliza ni cha nani? Wewe ndiye mkorofi." Kisha akamgeukia mkwewe. "Lakini na wewe, macho yako hayo, si ungeyafumba?"

Jopo lilikaa kwenye chumba kidogo cha ofisi ya mitihani. Nje kulikuwa na benchi, na Eksirei alikaa pale akipanga maneno. Alikuwa ameamua. Angemtaja kinyozi: meza yake, namba yake, shati lake, vidole vyake viwili. Aliurudia mpango huo mara nyingi, na kila alipourudia ulikuwa wa haki kabisa. Mtu yule aliyekuwa akipita na maswali alizungumza na kinyozi, na kinyozi amefaulu, na yeye ndiye amekaa hapa.

Mwenyekiti alikuwa mwanamke mwenye miwani iliyoning'inia shingoni kwa mnyororo. Kushoto kwake alikaa bwana wa takwimu, na mbele ya bwana huyo rundo la karatasi za majibu. Msimamizi wa viatu vya kimya alikuwa pembeni, mikono magotini.

"Mama, msimamizi anasema macho yako yalitoka kwenye karatasi yako mara nyingi," alianza mwenyekiti. "Unakubali?"

"Nakubali."

Bwana wa takwimu akainua kichwa. Ilionekana si jibu walilolizoea.

"Yalikuwa yanaenda wapi?"

"Mikononi mwa watu."

"Yaani kwenye karatasi zao."

"Karatasi zao sikuziona. Mimi ni mlinzi wa lango, mheshimiwa. Kazi yangu ni kutazama mikono ya watu wanaotoka. Niliyaambia macho yatulie, hayakutulia."

"Na mikono hiyo ilikuwa inafanya nini?"

Hapo ndipo alipopangia kulitaja jina, na hapo ndipo ulimi ulipokwama. Si kwa huruma. Kinyozi alikuwa amemtia matatani, na huruma yake kwake ilikuwa imekauka. Lakini alipotaka kusema alichokiona, alijikuta anakipekua kama angekipekua langoni, na ndani ya mfuko huo palikuwa na vidole viwili na mkono wa shati. Basi.

"Nilimshuku mtu mmoja," alisema.

"Nani?"

"Sikumpekua."

"Hatukuulizi kama ulimpekua, mama. Tunataka namba ya meza yake."

"Namba naijua. Lakini nilichoona ni nje ya shati. Ndani sikuona. Langoni mtu akiniletea habari kama hiyo, namwambia asubiri mfuko ufunguliwe kwanza."

Msimamizi alisogea mbele. "Kama kweli aliona kitu, ilimpasa aniambie palepale. Hizi ni hadithi za kujikosha."

"Inawezekana," alisema mwenyekiti bila kumtazama. "Mama, unaelewa kwamba ukinyamaza unajikata mwenyewe?"

"Naelewa."

Sauti yake ilitoka ndogo. Alitamani mtu amlazimishe, amshike koo, ili namba itoke na lawama iwe ya aliyemshika. Hakuna aliyemshika. Mwenyekiti alimpa ishara bwana wa takwimu, naye akavuta karatasi tano: ya Eksirei na za watahiniwa wanne waliomzunguka. Akaanza kuzilinganisha swali kwa swali, kidole kikishuka taratibu. Mtu aliyenakili, alieleza bila kuinua macho, hunakili na makosa. Jibu sahihi halimfungi mtu. Kosa lililofanana ndilo linalomfunga.

Kidole kilishuka, kikageuza ukurasa, kikasimama. Mabega ya bwana wa takwimu yakaanza kutikisika.

"Kuna nini?" aliuliza mwenyekiti.

"Swali la basi, mheshimiwa. Basi liliondoka saa 2:15 asubuhi, likafika saa 8:40 mchana, umbali wa kilomita 385. Tafuta mwendo wa wastani kwa saa. Hawa wa pembeni, wawili wamepata sitini, ambalo ndilo jibu. Mmoja hamsini na tano. Mmoja hakujibu."

"Na huyu?"

"Mia tisa ishirini na nne."

"Kilomita?"

"Kwa saa."

Msimamizi alikohoa kwenye ngumi yake.

"Na chini ya jibu," aliendelea bwana wa takwimu, ambaye sasa alikuwa akifuta macho, "mtahiniwa ameandika hivi: Mwendo huu si wa kawaida. Dereva achunguzwe."

Eksirei alihisi masikio yanawaka. Kutoka mahali alipokaa aliuona mwandiko wake, na palepale akaliona kosa, kubwa kama tembo, na akashangaa lilipitaje. Kwa muda mfupi, aibu ya kuonekana mjinga ilizidi aibu ya kuitwa mwizi.

"Hiyo ya kwanza nimeiandika ya lindo," alisema. "Saa mbili na robo ni 0815. Kichwa kimeongeza sita chenyewe. Ya pili nikaiona nane, nikadhani nimeshaigeuza."

"Kwa hiyo imebaki 0815 mpaka 0840."

"Dakika ishirini na tano."

"Kilomita 385 kwa dakika ishirini na tano." Mwenyekiti alivaa miwani, akasoma mwenyewe, akaivua. "Na wewe ukaliamini basi hilo?"

"Sikuliamini. Ndiyo maana nikaandika achunguzwe."

Ilichukua muda mpaka chumba kikatulia. Mwenyekiti alipozungumza tena, sauti ilikuwa imerudi kazini. Aliuliza kama kuna mtahiniwa mwingine ukumbini aliyepata jibu la namna ile. Bwana wa takwimu alisema hakuna, wala hatazamii kumpata nchini kote. Akaonyesha makosa mengine mawili ya sehemu, yote ya mtahiniwa huyuhuyu, yote yakiwa na hatua zake zimeandikwa moja baada ya nyingine kama taarifa ya tukio. Hakuna hata moja lililofanana na la jirani.

"Mwenye kuibia haibi kitu kama hiki," alisema.

"Lakini alivunja utaratibu wa chumba," alisema msimamizi. "Nilimwonya."

"Ulimwonya, na ulifanya kazi yako. Onyo litaandikwa." Mwenyekiti akamgeukia Eksirei. "Matokeo yako yataachiwa. Na yule uliyemshuku, hutaki kusema bado?"

"Sina cha kusema."

"Sawa. Swali la basi alama hupati, nadhani unajua."

"Sikuja kuidai."

Alishuka ngazi za ofisi ile akiwa na hasira kuliko furaha, na hasira hiyo ikampeleka moja kwa moja kwenye kibanda cha kinyozi. Alimkuta peke yake, anafagia nywele. Hakusalimia.

"Siku ya hesabu, ndani ya mkono wa shati ulikuwa na nini?"

Kinyozi aliacha fagio. "Dada?"

"Vidole viwili. Unainua, unatazama, unashusha. Kulikuwa na nini?"

Taratibu akaelewa. "Ndicho ulichokuwa unakitazama! Ndiyo maana ulihamishwa!" Uso wake ulipita kwenye mshangao, ukaenda kwenye uchungu. "Ukanishuku mimi. Mimi niliyekufundisha ekisi za aljebra."

"Nimeuliza swali."

Alikunja shati mpaka kwenye kiwiko. Ngozi ya mkono ilikuwa imevimba vipele vyekundu kuanzia kifundo. "Rangi ya nywele. Dawa ya wateja. Inaniwasha mpaka nataka kujichuna. Nilivaa mikono mirefu nisijikune mbele ya watu, halafu kila saa natazama kama pametoka damu."

Eksirei aliinama, akakagua. Vipele vilikuwa vya kweli. Vilikuwa pia vibichi, vya wiki hii. Kama vilikuwapo wiki ya mtihani, hapakuwa na wa kuvithibitisha.

"Na yule mtu wa maswali? Niliwaona mmepeana mikono."

"Ni mteja wangu. Nilimwambia aende zake, na nikamwambia akirudi namnyoa kipara." Alijaribu kucheka. "Umewaambia jina langu?"

"Hapana."

"Kwa nini?"

"Sikuwa nimeona ndani."

"Na sasa umeona?"

Alifikiri kabla ya kujibu, na kinyozi aliona kwamba anafikiri, na hilo lilimuumiza zaidi ya shutuma. "Nimeona vipele," alisema hatimaye. Akamwambia atafute glavu, za mpira, zile ndefu, asiache ngozi iharibike. Tangu siku hiyo husalimiana vizuri wakikutana, huulizana habari za nyumbani, na hakuna anayekaa muda mrefu.

Matokeo yalipoachiwa, Eksirei alikuwa amefaulu. Kiswahili na historia kwa alama za kujivunia, hesabu kwa kupenya kama mtu anayepita kwenye mlango uliobaki wazi kidogo. Mama mkwe aliitaka karatasi ya matokeo, akaishika juu chini, akasema mwandiko wa mashine hauna utamu, akakaa nayo mapajani mchana kutwa na hakumruhusu mtu aishike. Mumewe alinunua fremu kabla cheti hakijatoka. Hakuomba radhi kwa maneno. Aliitundika fremu tupu ukutani na kuipima kwa pima-maji mpaka ikanyooka kabisa.

Cheti kilipotoka, mkataba wa zamani ulikuwa umebakiza siku chache. Eksirei alikwenda kwa ofisa utumishi na kukuta walinzi wengine kwenye foleni. Zamu yake ilipofika, kijana aliinua cheti, akakitazama mbele na nyuma.

"Hongera sana. Acha cheti halisi hapa, tutakithibitisha kisha tutakupigia."

"Kithibitishe nikiwepo."

"Mama, hapa tuna utaratibu."

"Ofisi ya mitihani inapokea simu mpaka jioni. Namba yao iko chini ya muhuri."

Kijana aliangalia foleni, akamwangalia mama aliyesimama mbele yake, akachukua simu. Alizungumza, akasubiri, akataja namba ya mtahiniwa, akasikiliza. Nyusi zake zikapanda.

"Wanasema matokeo haya yaliwahi kuzuiwa."

"Na baada ya hapo wanasemaje? Usikate, sikiliza mpaka mwisho."

Alisikiliza mpaka mwisho. Alishukuru, akaweka simu chini, akamrudishia cheti bila kukitazama tena. Kisha akatoa mkataba mpya kutoka kwenye rundo, karatasi tatu zilizobanwa pamoja, na kuweka kalamu juu yake.

"Saini hapo chini. Kwenye msalaba."

Eksirei alivuta kiti. Karibu na juu kabisa, mbele ya neno elimu, mtu alikuwa ameandika kidato cha tatu, hakumaliza.

"Hapa pana kosa."

"Ah, hiyo ilichapwa zamani. Ni kitu kidogo, haibadilishi mshahara."

"Badilisha."

Nyuma yake foleni ilianza kuguna. "Dada, na sisi tuna zamu!" alisema mlinzi wa lango la mbele, ambaye cheti chake kilikuwa kwenye bahasha ya khaki aliyoikumbatia kwa mikono yote miwili. Kijana alipumua, akageukia kompyuta, akafuta, akaandika. Mashine ya kuchapa ilikohoa, ikatoa karatasi mpya, bado zina joto. Akamsukumia.

Mstari ulikuwa sahihi sasa. Aliusoma mara mbili. Kisha akarudi juu, kwenye neno la kwanza la mkataba, na kuanza kusoma kuanzia hapo.

"Mama, si tumesharekebisha?" alisema ofisa. "Kuna tatizo jingine?"

"Sijui bado," alisema, akageuza ukurasa. "Nasoma."